Baiskeli ya shokapu mbili kwa milioni nne na nusu: inafaa kwa njia za Kigoma?

#1 Mwanga_Juu
Habari zenu wanajamvi. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Ninaishi Mwanga hapa Kigoma, na mwisho wa wiki hupanda baiskeli kwenda Bitale, Mkongoro na wakati mwingine hadi Kalinzi. Kwenda napita lami ya barabara ya Manyovu, na kurudi nashuka kwa njia za miguu zinazokatiza mashamba ya kahawa na migomba, hadi kwenye michikichi huku chini. Baiskeli niliyonayo ina shokapu ya mbele pekee, magurudumu ya inchi 26 na breki za waya. Kupanda hakunisumbui. Taabu iko kwenye kushuka, kwa sababu maji ya mvua yamechimba mifereji katikati ya njia na mizizi imetokeza, na nikifika nyumbani vidole vimekufa ganzi na kiuno kinauma hadi Jumatatu.

Kuna mtu Dar es Salaam anauza baiskeli ya mtumba iliyotoka Ujerumani. Ina shokapu mbele na nyuma, zinazoruhusu kila gurudumu lipande milimita 140, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, gia 12 nyuma na sprokita moja mbele, na breki za mafuta. Anataka milioni nne na nusu na haoneshi dalili ya kupunguza. Kwa fedha hiyo mtu anapata pikipiki mpya, na hilo nyumbani nimeshaambiwa. Swali langu ni hili: shokapu ya nyuma itaniondolea shida niliyoieleza, au nitakuwa nimejinunulia matengenezo ambayo hapa Kigoma hayana fundi?

#2 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Usinunue. Mimi niko Tabora na naendesha kila siku, mara nyingi kuelekea bwawa la Igombe, na ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba tairi lina kazi kubwa kuliko shokapu ya nyuma. Watu wengi hujaza upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe, halafu wanalaumu fremu. Tafuta tairi pana zaidi ambalo fremu yako inalipokea, shusha upepo hadi karibu psi 25, kisha uteremke tena njia ile ile. Gharama yake haifiki hata sehemu ya kumi ya fedha unayotaka kutoa.

#3 Mchikichi
Kaka wa Ipuli, kwa heshima zote, huko kwenu mlima mrefu kuliko yote ni tuta la reli. Unachosema ni kweli kwa mchanga wa Tabora, ambako tairi pana lenye upepo kidogo linaelea badala ya kuzama, lakini mleta uzi anashuka kutoka nyanda za Kalinzi hadi karibu na ziwa, ambalo lenyewe liko takriban mita 770 tu juu ya usawa wa bahari. Mteremko ule ni mrefu, na tairi haliwezi kumeza mfereji uliochimbwa na mvua za masika.

Pamoja na hayo, nina pingamizi la aina nyingine. Baiskeli ya shokapu mbili haifungwi keria ya kawaida, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya fremu inacheza. Hapa kwetu baiskeli isiyoweza kubeba dumu la mawese wala mkungu wa ndizi inabaki kuwa ya matembezi tu. Kama una nyingine ya kazi, sawa. Kama hii ndiyo itakuwa baiskeli pekee nyumbani, fikiria tena.

#4 Fundi_Katubuka
Nashukuru kwa mada. Naongea kama fundi, na nitasema kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama baada ya kununua.

Shokapu ya nyuma ya hewa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chemba ya hewa, ambayo kazi yake ni ya springi. Ya pili ni ya mafuta, inayozuia mdunduko, na ndani yake mara nyingi kuna gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Watengenezaji hutoa ratiba ya huduma kwa saa za kuendesha. RockShox, kwa shokapu zake nyingi, husema chemba ya hewa isafishwe na kubadilishwa sili kila saa 50, na sehemu ya mafuta ifunguliwe kila saa 200. Fox hutaja saa 125 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Chemba ya hewa ninaweza kuifungua mimi, hata wewe mwenyewe unaweza, ilimradi utoe upepo wote kwanza, mikono iwe safi na uwe na sili za mfano huo huo pamoja na grisi inayokubaliana na mpira. Sehemu ya mafuta na naitrojeni sitaigusa, kwa sababu inahitaji vifaa ambavyo mimi sina, na ukiifungua kwa kubahatisha inaweza kukurukia usoni.

Kisha kuna beringi za maungio ya nyuma. Fremu nyingi zina nane au zaidi, ndogo ndogo, na vumbi letu jekundu likichanganyika na maji huwa tope laini linalopenya kila mahali. Ukiosha kwa mashine ya maji ya nguvu na kuelekeza mkondo kwenye maungio, umeziua. Jambo la faraja ni kwamba beringi hizo zina namba za kawaida, kama 6902, 6802 au 6900, na kwenye maduka ya beringi za mashine na pikipiki namba hizo zinafahamika.

#5 Muuguzi_HeruJuu
Salamu kutoka Kasulu. Kabla ya kujadili fedha, naomba mleta uzi ajibu jambo moja: ni vidole vipi vinavyokufa ganzi? Kama ni kidole kidogo na cha pete, mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja ndio unaobanwa. Kama ni gumba, cha shahada na cha kati, basi ni ule mwingine unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Chanzo mara nyingi ni namna unavyokaa. Pua ya tandiko ikiinama mbele hata kidogo, mwili unateleza na uzito wote unahamia mikononi, na hapo hata shokapu tatu hazitakusaidia. Kiuno nacho huuma pale tandiko linapokuwa juu mno, kwa sababu nyonga zinayumba kila unapokanyaga pedali.

Mimi naendesha yenye shokapu ya mbele pekee na ninashuka Heru Juu bila ganzi, lakini nilianza kwa kurekebisha tandiko na usukani.

#6 Mzee_wa_Reli
Naunga mkono hoja ya dada yangu wa Kasulu. Vijana wasahau kidogo matangazo. Hao Wamarekani walioanzisha baiskeli za milimani huko California miaka ya 1970 waliteremka kwa baiskeli zisizo na shokapu hata moja, na shokapu ya mbele ya RockShox haikuingia sokoni hadi mwaka 1989. Hata leo wanaoshindana kwenye Olimpiki hutumia ya mbele pekee, kwa sababu ni nyepesi na haipotezi nguvu.

#7 Mwanga_Juu
Asanteni. Dada Muuguzi, ganzi iko kwenye kidole kidogo na cha pete, mikono yote miwili, zaidi wa kulia. Inaanza kwenye mteremko, haianzi kwenye lami. Mchikichi, baiskeli ya kazi ipo nyumbani na ina keria yake, kwa hiyo kwa hilo niko salama.

#8 SpokuNyingi
Mzee wangu wa Reli, historia ya California na ya mwaka 1989 umeiweka sawa, ila ya Olimpiki naomba kuirekebisha. London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu kwa wanaume akiwa na baiskeli ya shokapu mbili yenye magurudumu ya inchi 29. Miaka minne baadaye huko Rio, Nino Schurter wa Uswisi alishinda akiwa na ya shokapu mbili pia. Kwa hiyo haiwezi kusemwa tena kwamba wanaotafuta kasi wanaikataa.

Kuhusu kupoteza nguvu, mtazamo wangu ni tofauti na unaosikika mara nyingi. Kwenye lami ni kweli sehemu ya nyuma hunesa ukikanyaga kwa nguvu, ingawa shokapu nyingi zina kitufe cha kuikaza. Kwenye kokoto na mizizi, hata ukiwa unapanda, gurudumu la nyuma linaloweza kufuata umbo la ardhi hushika vizuri kuliko linalorukaruka. Kaka wa Mwanga amesema kupanda hakumsumbui kwa sababu anapandia kwenye lami. Siku akijaribu kupandia njia anayoteremkia ndipo ataiona tofauti.

#9 Kibirizi_Kwetu
Jamani, hizi shokapu mbili tumeshazitumia. Nilinunua moja dukani kwa laki tatu na ushee, springi nyekundu nene katikati ya fremu, inavutia macho sana. Ukipita shimo inakurusha juu, na kabla hujatua inakurusha tena. Baadaye boliti ya maungio ilianza kulia na fremu ikawa inacheza upande. Ninashauri mleta uzi aachane na jambo hili kabisa.

#10 SpokuNyingi
Ndugu wa Kibirizi, unachokieleza ni sahihi, lakini hicho si kitu anachouziwa mwenzetu. Springi peke yake hutunza nguvu ya pigo na kuirudisha yote, ndiyo maana unarushwa. Shokapu kamili ina mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya pigo inageuka kuwa joto badala ya kurudi kwako. Ukishuka mteremko mrefu kisha ukaigusa kwa mkono, utaikuta ina vuguvugu. Ina pia kidude cha kuzungusha, mara nyingi chekundu, kinachoamua irudi kwa kasi gani. Baiskeli ya laki tatu haina vitu hivyo, na kwa fedha hiyo ni afadhali ya shokapu ya mbele tu, au isiyo nayo kabisa.

#11 Mnyamwezi_wa_Ipuli
Mchikichi, tuta la reli limenifurahisha, ila bado sijahama kwenye hoja yangu. Nikumbushe pia kwamba hata hiyo ya milioni nne itahitaji matairi mazuri, la sivyo shokapu zitafanya kazi bure.

#12 Fundi_Katubuka
Mnyamwezi, nakuunga mkono kwa sehemu. Shida ni kwamba tairi lenye tyubu likishushwa hadi psi 25, halafu mtu akagonga jiwe au mzizi kwa kasi, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili sambamba. Kwenye mteremko wa Mkongoro utaziba viraka kila wiki. Upepo mdogo unahitaji rimu na tairi zisizotumia tyubu, zenye maji ya kuziba pancha ndani. Maji hayo pia ni dawa nzuri ya mbigiri, ila kwa joto letu hukauka baada ya miezi michache na ni lazima yaongezwe. Baiskeli ya inchi 26 ya zamani mara nyingi rimu zake hazikutengenezwa kwa mtindo huo.

#13 Muuguzi_HeruJuu
Narudi kwenye jibu la #7. Kidole kidogo na cha pete, tena kwenye mteremko pekee, kunanifanya nifikirie breki kuliko tandiko. Breki za waya kwenye mteremko mrefu zinataka ukamue kwa vidole vitatu au vinne muda wote, na upande wa nje wa kiganja unagandamizwa kwenye usukani. Breki za mafuta hukamuliwa kwa kidole kimoja. Inawezekana kabisa kwamba nafuu utakayoipata kwenye baiskeli mpya itatokana na breki, ilhali wewe utaisifu shokapu ya nyuma.

#14 Mchikichi
Hapo dada umegusa penyewe. Basi kwa nini asiweke breki za mafuta kwenye baiskeli aliyonayo?

#15 Fundi_Katubuka
Inategemea fremu na foki yake. Kama zina sehemu za kufungia breki za diski, inawezekana, lakini itabidi kubadilisha pia habu au magurudumu mazima. Kama hazina, breki za rimu za mafuta zipo ingawa ni adimu. Ukijumlisha breki, magurudumu na matairi, unajikuta umeweka fedha nyingi kwenye fremu ya zamani, na kiuno kinachouma hujakitibu, kwa kuwa mapigo ya gurudumu la nyuma bado yatapanda moja kwa moja kwenye tandiko.

#16 Forodha_na_Bandari
Mchango wangu ni wa fedha. Wengine watakwambia uagize mpya nje ili upate dhamana ya fremu. Kumbuka kwamba kodi za forodha hukokotolewa kwenye thamani ya kitu pamoja na usafiri na bima, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Mpya ya kiwango hicho hicho, ikifika Kigoma, itakuwa imepita mbali hiyo milioni nne na nusu. Upande wa pili, watengenezaji wengi hutoa dhamana ya fremu kwa mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo ya mtumba ikipasuka ni yako peke yako. Angalau ya alumini nyufa zake huonekana kwenye maungio ya kulehemu. Ya kaboni inaweza kuwa imeumia ndani huku rangi ikiwa nzima.

#17 Mzee_wa_Reli
SpokuNyingi, nashukuru kwa ufafanuzi wa London na Rio, nimejifunza. Hata hivyo, hao wana mafundi wanaowasubiri mwisho wa mbio na shokapu inafunguliwa usiku huo huo. Mwenzetu anasubiri basi kutoka Dar. Shokapu ikivuja mafuta mwezi wa Desemba, itasafiri kwenda na kurudi, na msimu wa mvua utakuwa umekwisha. Hilo ndilo linalonifanya nisite.

#18 SpokuNyingi
Ni hoja nzito, mzee, na sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu anayeendesha mwisho wa wiki pekee hufikisha saa 200 baada ya muda mrefu. Kinachoharibu mapema ni kuacha vumbi kwenye ile nguzo inayong'aa na kuendesha bila upepo sahihi. Anunue pampu ndogo ya shokapu inayofika psi 300, maana ya kituo cha mafuta haifai, na akikaa juu ya baiskeli kwa uzito wake wote shokapu ya nyuma ibonyee kati ya asilimia 25 na 30 ya nafasi yote inayoweza kubonyea. Ikibonyea pungufu ya hapo atasema ni ngumu, na ikizidi itagonga mwisho kila shimo.

Fundi, nikurekebishe kidogo kwenye #4. Namba za beringi ni za kawaida kama ulivyosema, lakini nyingi za maungio hujazwa gololi tupu bila kitenganishi, kwa sababu hazizunguki, zinayumba kidogo tu huku zikibeba mzigo mkubwa. Beringi ya kawaida ya namba hiyo itaingia na itafanya kazi, ila itachoka mapema zaidi.

#19 Fundi_Katubuka
Sawa, nakubali nyongeza hiyo. Ya dukani hapa itamvusha msimu mmoja, nami sioni ubaya kwa bei yake.

Mwanga_Juu, kama utaamua kuendelea, mtume mtu aikague kabla hujalipa. Ashike tandiko na kulinyanyua taratibu kwa vidole huku gurudumu la nyuma likiwa chini. Akisikia mgongano mdogo kabla gurudumu halijaanza kunyanyuka, maungio au bushi za shokapu zimekwisha. Apitishe ukucha juu ya nguzo za shokapu zote mbili, na ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, sili itavuja hapo daima. Aibonyeze mara kadhaa na kusikiliza. Sauti ya kufyonza kama kiatu kwenye tope ina maana hewa imeingia kwenye mafuta. Apime pia cheni, kwa sababu sprokita za nyuma za gia 12 ni ghali na cheni iliyorefuka huzila haraka.

#20 Mzee_wa_Reli
Na kuhusu kusafirisha, treni bado ni njia nzuri. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na mzigo mrefu bado unapokelewa vizuri humo kuliko kwenye buti la basi.

#21 Fundi_Katubuka
Ni kweli mzee, ila wakitoa magurudumu waweke kipande cha boksi gumu kati ya pedi za breki. Mtu akikamua mkono wa breki diski ikiwa haipo, pistoni hutoka na kubanana, na baiskeli itafika Kigoma gurudumu haliingii. Wakague pia breki ni za aina gani. Za Shimano hutumia mafuta ya madini, na zipo za makampuni mengine zinazotumia mafuta ya DOT kama ya magari. Ukikosea ukachanganya, sili zote zinavimba.

#22 Mwanga_Juu
Nimesoma yote, na ninawashukuru sana. Bado nimegawanyika. Hoja ya Muuguzi kuhusu breki imeniingia, ya Mzee kuhusu kusubiri vipuri nayo haikwepeki, lakini SpokuNyingi amenifanya nitamani kupanda kwa njia ile ile ninayoteremkia. Binamu yangu yuko Dar na ataikagua kama Fundi alivyoelekeza. Muuzaji amesema saizi ya fremu ni L, na mimi nina urefu wa sentimita 174. Hilo lina uzito wowote?

#23 Muuguzi_HeruJuu
Lina uzito mkubwa. Kwa urefu huo uko mpakani, na mtu mwenye maumivu ya kiuno ningempa M. Kwenye L utanyoosha mikono, na ganzi tuliyoijadili itarudi hata breki zikiwa laini.

#24 SpokuNyingi
Sikubaliani moja kwa moja. Fremu za sasa ni ndefu ukisimama juu ya pedali, lakini bomba la tandiko limesimama zaidi na shingo ya usukani ni fupi, milimita 40 au 50, wakati za zamani za inchi 26 zilikuwa na 90 hadi 100. Ukiwa umekaa, L ya leo inaweza isiwe ndefu kuliko hiyo uliyonayo, na kwenye mteremko urefu wake unakutuliza.

#25 Muuguzi_HeruJuu
Inaweza, au isiweze. Hatujui mwaka wa fremu.

#26 Fundi_Katubuka
Basi Mwanga_Juu achukue futi kamba, apime kwenye baiskeli yake kutoka pua ya tandiko hadi katikati ya usukani, na kutoka tandiko hadi pedali ikiwa chini kabisa. Binamu apime hivyo hivyo kule Dar tandiko likiwa limewekwa kwenye kimo hicho. Mleteni namba zote mbili hapa, na mwaka wa fremu ukiandikwa popote, tuuone pia.